Tundu Chini ya Bega

Jumamosi, 1 Machi. Kakuma.

Mchungaji Reuben amenipa daftari hili la jalada la kijani ili niandike kila siku nimefikia wapi na Kaltuma. "Andika alichouliza, andika ulichomjibu," aliniambia kabla sijapanda gari pale Lodwar. "Pasaka tunataka ushuhuda." Kanisa zima linaniombea tangu Krismasi kana kwamba ninakwenda vitani. Mimi ni fundi wa nguo tu, mwenye cherehani moja na magoti yanayouma.

Kaltuma ndiye ninayegawana naye kibanda hapa sokoni. Ni Mwislamu wa Darfur, mjane, ana binti mmoja aitwaye Rawda. Yeye ana cherehani yake, mimi yangu, na katikati yetu kuna meza moja ya kukatia. Tumekaa hivi miezi mitano. Anashona haraka kuliko mimi, na ananiambia hivyo bila haya.

Joto la kukausha mate. Watu wa msikitini wanautafuta mwezi.

Jumatatu, 3 Machi.

Mfungo umeanza jana. Leo nilikunywa chai nyuma ya pazia, nimechuchumaa kama mwizi wa kuku, nikatoka nikifuta mdomo. Kaltuma hakuinua hata macho. "Mama Namuria, kunywa tu hapa kwa kiti," alisema. "Mimi ndio nafunga. Si wewe." Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 4 Machi.

Vumbi kutwa.

Alhamisi, 6 Machi.

Nitaandika ukweli, ingawa Mchungaji atausoma. Alinipa pia bunda la vijikaratasi vya Injili vya kuchomeka ndani ya nguo za wateja Waislamu zikishakunjwa. Nilikuwa nimechomeka vitatu. Leo Kaltuma alifungua droo yangu akitafuta bobini ya uzi, akavikuta.

"Hizi ni za nani?"

"Za wateja."

"Wateja yangu pia?"

Kaltuma alivipanga kingo zikalingana, akavirudisha mahali pake. "Kama unataka kunipa kitu, nipe kwa mkono," alisema. "Usiweke ndani ya nguo ya mtu, kama huyo mtu hana macho."

Nilidhani ndio mwisho wetu. Lakini alishona pindo mbili, akasimamisha gurudumu. "Haya, sasa niambie kwa mdomo. Isa sisi pia tunamjua, mtoto wa Maryam, tunamheshimu. Lakini wewe unamwimbia mpaka ukipiga pasi. Kwa nini?"

Mafunzo yote ya Lodwar yaliniruka. Sikukumbuka hata mstari mmoja. Nikamweleza habari ya mwanangu wa pili, tuliyemzika Lokitaung wakati mvua imekata barabara na hakuna ndugu aliyefika. Nikamwambia kwamba nilikaa pale chini kwenye mchanga na sikuwa peke yangu, na kwamba aliyekaa nami namjua kwa jina. Basi, hayo tu.

Kaltuma alimwombea rehema mtoto wangu kwa Kiarabu. Kisha akanieleza namna mume wake alivyokufa. Hayo sitayaandika humu. Ni yake.

Jumatano, 12 Machi.

Mdogo wangu Lomenen amekuja kutoka Lokiriama na beberu mnono. Roho imenituma nimwalike Kaltuma kufuturu kwangu keshokutwa, au labda ni fahari yangu tu ya kumla mbuzi na mgeni. Kaltuma amekubali. Nimemwambia Lomenen mara mbili: mpeleke mbuzi kwa yule mzee wa bucha anayeswali, amchinje yeye kwa namna yao, la sivyo mgeni wangu hawezi kula. Akasema, "Nimesikia, dada."

Ijumaa, 14 Machi.

Nilifagia ua tangu saa nane kama anayekuja ni mkuu wa kaunti. Mwanangu Namuria alichota maji, akaacha ndoo na birika mlangoni. Lomenen alishughulika na nyama na moto, ananguruma wimbo. Mimi nilibaki nikijiuliza kila kitu. Je, ile picha ya msalaba niitoe ukutani? Niliitoa. Kisha nikaona huo ni uongo pia, nikairudisha.

Kaltuma alikuja na Rawda jua likiwa linagusa vilima. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaketi. Kisha akauliza wazi, bila kuzunguka. "Mbuzi amechinjwa na nani?"

"Mzee wa bucha. Nilimtuma ndugu yangu mwenyewe."

"Wewe uliona kwa macho?"

"Sikuona. Lakini nakuhakikishia."

"Basi. Neno yako inatosha."

Wakanawa, wakafuturu kwa tende na maji, wakaswali kwenye mkeka ule niliokuwa nimetandaza. Chakula kilipokuja Kaltuma aliniambia, "Sasa omba ya kwenu." Niliomba kifupi. Lomenen mwenyewe ndiye aliyempakulia paja la nyuma, anavyofanyiwa mgeni mkubwa, na alitabasamu mpaka nikaona pengo lake. Kaltuma alikula akashiba. Alisema hajala nyama nyumbani kwa mtu tangu atoke kwao.

Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumamosi, 15 Machi.

Nimeona ngozi.

Lomenen aliiwamba uani, vigingi pande zote. Nilipita nikienda kumwaga maji, jicho langu likasimama, maana kazi yangu ni kuona palipotoboka. Chini ya bega la kushoto kuna tundu la upana wa vidole viwili, kingo zake safi. Shingo nzima. Hakuna alama ya kisu kooni hata kidogo.

"Lomenen. Huyu mbuzi alikufaje?"

"Mkuki." Alisema kama anayeulizwa jina lake.

"Si nilikuambia umpeleke kwa mzee wa bucha?"

"Ulisema pia ni mgeni mkubwa. Mbuzi ya mgeni mkubwa iende kwa bucha, iuliwe na mtu mwingine? Watu wataniona aje? Watasema Lomenen hana mkono wa mkuki." Alikuwa ameumia kwelikweli. Kwake yeye alikuwa amemfanyia Kaltuma heshima ambayo hata wajomba zetu hawaipati kila mwaka. "Nyama ni ile ile, dada. Si alishiba?"

Nilivaa ndala niende kwa Kaltuma saa hiyo hiyo. Nilifika kwenye lango. Nikajiona nikisema, "Nimekulisha haramu, tena ndani ya mfungo wako." Nikaona uso wake. Nikaona kibanda, na meza, na siku ile ya vijikaratasi. Nikavua ndala.

Nitamwambia kesho.

Jumapili, 16 Machi.

Sijamwambia.

Jumatatu, 17 Machi.

Kaltuma ameniletea tende ndani ya kitambaa. "Za nyumba yako," amesema. Sikula hata moja. Namuria amezimaliza zote.

Mawingu upande wa Uganda. Hayakuja.

Jumatano, 19 Machi.

Mchungaji amepiga simu. Aliposikia Kaltuma amekula kwangu na kuniambia niombe, alipiga haleluya mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nikamweleza habari ya ngozi. Haleluya zikaisha. Kisha akasema, "Akoru, hayo ni mambo ya chakula. Mlango umefunguka. Usiufunge kwa sababu ya mbuzi. Nyamaza, endelea na kazi."

Nilitaka sana aseme hivyo. Sasa amesema, na bado sina amani.

Ijumaa, 21 Machi.

Kaltuma aliniuliza tena habari za Isa: kama ni kweli aliwaosha watu miguu. Nilisema ni kweli, nikajifanya natafuta uzi mweusi. Nilikuwa nimeusubiri mlango huu miezi mitano, na leo umefunguliwa kwa ndani, na mimi siwezi kuingia. Nitamwambiaje kwamba Bwana wangu ni kweli wakati mimi nimekaa karibu naye na uongo, umbali wa mkasi?

Jumatatu, 24 Machi.

Mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Walikuja majirani wawili wa Kaltuma kuchukua nguo za Idi, mmoja mama mzee wanayemwita Hajja. Walisema naye kwa Kiarabu, macho yakinijia na kuondoka. Kaltuma alijibu kwa ukali, akaweka mkono kifuani. Walipotoka alinitafsiria akicheka.

"Wanasema nilikula kwa kafiri, nani anajua nilikula nini. Nikawaambia, wallahi, ilikuwa halali. Mama Namuria aliniambia kwa mdomo yake. Nimeapa mbele yao. Sasa watanyamaza."

Mkasi ulipotoka, nikakata mkono wa gauni la kijani kombo. Nimelazimika kuunga kipande. Jana ilikuwa siri yangu. Leo yeye ameapia kitu ambacho mimi najua si kweli, na jina lake ndilo liko nje pale, kati ya watu wake, ambao hana wengine.

Alhamisi, 27 Machi.

Nilijikaza. "Dada Kaltuma, kuna neno."

"Sema."

Mteja akaingia na zipu iliyokufa. Nilimshukuru Mungu kwa yule mteja. Kisha nikaona haya kwa shukrani yenyewe.

Jumapili, 30 Machi.

Huenda kesho ni Idi. Nikimwambia leo nitamharibia sikukuu. Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizopata, na nimeitafuta kwa bidii.

Jumatatu, 31 Machi.

Idi. Kaltuma alileta biskuti kwangu. Rawda alizunguka mara tatu uani nilione gauni nililomshonea. Ngozi nilikuwa nimeificha chini ya kitanda. Mvua ya kwanza imenyesha jioni, matone makubwa, vumbi likanuka vizuri. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi.

Jumatano, 2 Aprili.

Kesho. Nimemwambia Namuria aniulize jioni kama nimefanya nililosema, ili nisiwe na pa kujificha. Ameniuliza ni nini. Nimesema atajua.

Alhamisi, 3 Aprili.

Nimemwambia.

Niliikunja ngozi, nikaenda nayo kwapani mpaka kibandani. Nilifika kabla ya wateja. Kaltuma alikuwa anatia mafuta cherehani. Niliiweka juu ya meza ya kukatia, mbele yake, kwa mikono yote miwili.

"Ngozi ya nani?"

"Ya mbuzi uliyekula kwangu."

Alifuta vidole, akaikunjua. Yeye ni fundi kama mimi. Alipitisha kidole shingoni, taratibu, kutoka upande huu hadi huu. Kisha kidole kikashuka mpaka chini ya bega na kikaingia kwenye tundu. Kikabaki pale.

Nikasema yote. Lomenen, mkuki, heshima aliyodhani anampa. Nilisema mimi nilimhakikishia jambo ambalo sikuliona.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi yake."

Alihesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Ile nyama, mimi sikujua. Mungu anajua sikujua. Dhambi yake haiko kwangu." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. Afadhali angepiga kelele. "Lakini hizi siku kumi na tisa wewe ulijua. Ulikaa hapo. Uliniona nikiapa kwa watu. Uliniona, Akoru."

Hajawahi kuniita Akoru. Ni Mama Namuria siku zote.

"Huyu Isa yako," akasema, "alikuambia nyamaza?"

"Hapana. Alikuwa ananiambia sema, kila siku. Mimi ndiye niliyenyamaza. Niliogopa kukupoteza."

Aliikunja ngozi upya, vizuri, kona kwa kona, akaisukuma upande wangu wa meza. Hatukusema tena mpaka jioni. Namuria alipouliza, nililia mbele yake kama mtoto.

Ijumaa, 4 Aprili.

Mtu wa mkokoteni amekuja kuchukua cherehani ya Kaltuma. Yeye mwenyewe hakuja.

Jumamosi, 5 Aprili.

Mvua kutwa. Mto Tarach umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, hakuna anayevuka. Meza ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 7 Aprili.

Wateja wanauliza yule mama wa Sudan yuko wapi. Nasema anapumzika. Halafu nikakumbuka, nikamkimbilia mteja wa mwisho mpaka njiani nikamwambia, "Hapana. Nilimkosea." Alinitazama kama mwehu.

Jumapili, 13 Aprili. Lodwar.

Jumapili ya matawi. Watoto waliingia kanisani na makuti ya mkoma, wakipigana nayo. Mchungaji aliniita mbele. "Dada Akoru atatuambia Mungu ametenda nini Kakuma."

Nilisimama na daftari hili kifuani. Nikawaambia habari ya mbuzi. Mwanzoni walicheka, hasa niliposema Lomenen anaogopa kuonekana hana mkono, maana kila mmoja ana Lomenen wake nyumbani. Nilipofika kwenye siku kumi na tisa kicheko kilikatika. Sikutaja simu ya Mchungaji. Sikuona sababu ya kumvua nguo mbele ya kondoo wake.

Aliisema mwenyewe. Alisimama, akavua miwani. "Nilimpigia simu, akanieleza, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Andikeni na hilo." Akaketi. Nimemjua mtu huyu miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeshamkasirikia moyoni wiki tatu nzima. Sasa sijui niweke wapi hasira hiyo.

Tulipokuwa tunatoka aliuliza kama nitamwachia daftari. Nilimwambia limejaa mimi, si Kaltuma. Akasema, "Basi kaa nalo."

Alhamisi, 17 Aprili. Kakuma.

Maji yamepungua. Nilitaka kumtuma Namuria na ujumbe, kisha nikakumbuka neno la Kaltuma, kwamba kitu kitolewe kwa mkono, nikaenda kwa miguu yangu. Tope mpaka kwenye vifundo. Alifungua mlango nusu. Nilimsikia Hajja ndani akikohoa.

"Jumapili ni sikukuu yetu," nilisema. "Nakualika wewe na Rawda. Kuna mbuzi. Ukifika, mbuzi atakuwa hai."

Alitazama tope miguuni mwangu. "Nitaona," akasema. Mlango ukafungwa, si kwa nguvu, si polepole.

Jumamosi, 19 Aprili.

Nimemwambia Lomenen aupeleke mkuki kwa jirani. Amesema ni kama kumvua suruali. Ameupeleka.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Tulitoka kanisani saa sita. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigingi uani, anatafuna kamba. Namuria aliosha sufuria. Saa saba. Saa nane. Majirani walishapika wakala, harufu ya pilau ikatujia, na sisi hatuna hata moto. Lomenen alisema, "Dada, huyu mgeni wako haji, na mbuzi anakonda." Nilimwambia akae. Nilienda kwenye lango mara nyingi hadi mbwa wa jirani akaacha kunibwekea. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa kungoja. Nilisema moyoni, ikifika saa tisa bila yeye kuja, nitamfungulia mbuzi aende zake, leo hatuli nyama.

Saa tisa kasorobo Rawda aliingia akikimbia, na gauni la Idi. Nyuma yake mama yake, tobe lake jeupe la kujitanda limepandishwa lisishike tope, mkononi kitu kirefu kimefungwa kwa kitambaa.

"Ejok?" alinisalimia, kwa lugha yangu. Hajawahi.

"Ejok," nikasema.

Alifungua kitambaa. Ni kisu, mpini wa mbao uliozungushiwa waya. "Nimekuja na kisu yangu," akasema. "Mbuzi iko wapi?"

Lomenen alisimama. "Ni nani atachinja?"

"Mimi."

"Mwanamke?"

"Dini inaniruhusu. Na kwetu wanaume walikwisha njiani," alisema Kaltuma. "Watoto walitaka kula. Nilijifunza. Wewe shika miguu."

Na Lomenen, ambaye hajawahi kumshikia mwanamke hata kamba ya ndoo, alipiga magoti kwenye tope akashika miguu. Kaltuma alimgeuza mbuzi kuelekea kibla, akalitaja jina la Mungu kwa sauti ya wazi, mkono ukapita mara moja. Nilitazama mpaka mwisho. Safari hii niliona kwa macho.

Tulipokuwa tunakula alisema, bila kunitazama, "Nimewaambia. Hajja na wengine. Nimesema niliapa, na haikuwa kweli."

"Wakasemaje?"

"Hajja akauliza, nani alikuambia. Nikasema, yeye mwenyewe, alileta ngozi kwa mkono yake." Aling'oa nyama mfupani. "Hawakusema kitu tena. Mimi ndio nilibaki na hasira. Bado iko kidogo."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu."

Alinawa, akaketi sawasawa kwenye mkeka. "Haya. Leo mnasema alifufuka. Sisi tunasema hakufa kabisa, Mungu alimchukua. Sitabadilika, Mama Namuria, nakuambia mapema usije ukahesabu. Lakini nataka kusikia kutoka kwako. Wewe unaamini nini?"

Nikamweleza. Nilimsimulia habari za wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato, wakiogopa, na nilipofika kwenye kuogopa kwao sikuhitaji kubuni chochote. Aliniuliza maswali mawili nisiyoweza kuyajibu, nikasema siwezi. Naye akanieleza wanavyosoma wao habari za Maryam chini ya mtende, nami nikasikiliza mpaka akamaliza. Rawda na Namuria walikuwa wanashindana kutupa mifupa kwa mbwa.

Jua lilipoinama alisimama kuaga. Aliosha kisu, akakifuta, akakifunga tena kwenye kitambaa chake. Kisha akakiweka mkononi mwangu, akanikunja vidole juu yake.

"Ikae hapa kwako," alisema. "Siwezi kubeba kisu njia yote hii kila mara."